Kijiko cha Kilima

Brashi hakuwa na baba, hakuwa na cheti cha shule zaidi ya kile cha darasa la sita, na hakuwa na saa ya mkononi. Hakuwa na kiwanja. Hakuwa na shati lisilo na tone la rangi, hata lile alilolitunza kwa siku za heshima, ambalo tone lake lilijificha chini ya kola na kujulikana na yeye peke yake. Hakuwa na mtu wa kumsemea isipokuwa mjomba mmoja mzito wa masikio, ambaye ukimwambia habari ya posa angeweza kukujibu habari ya mbuzi. Na juu ya hayo yote, hakuwa na mazoea ya kuuliza maana ya neno asilolijua. Neno likimpita, alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaenda zake.

Alichokuwa nacho ni mkono. Mkono ule ulikuwa umeandika majina ya maduka yote ya mtaa, kuanzia kinyozi hadi muuza majeneza, na watu waliokuja kumlaumu kwa kuchelewesha kazi walikuwa wakiondoka wakiisifu. Kwa miezi mitano sasa alikuwa na kitu kingine pia. Yule dada wa zahanati aliyewafundisha akina mama wenye watoto wadogo, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alikuwa akimtazama. Na macho ya Mwalimu hayakuwa ya kugawagawa ovyo.

Siku hiyo ya Jumatano, saa nane na nusu mchana, Brashi aliingia lango la zahanati akiwa na bahasha ya rangi ya maziwa ndani ya mkoba. Bahasha haikuwa na maandishi juu wala haikuwa imefungwa. Ndani yake kulikuwa na barua ya kumposa Mwalimu, aliyoiandika mara nne mpaka herufi zikakaa. Mama yake Mwalimu alikuwa amekataa mara mbili kusikia habari zake. Mara ya tatu alisema, "Haya, wazee wake waje Jumamosi, tuwasikie." Zilibaki siku tatu.

Lakini uwanja wa zahanati ulikuwa kimya kuliko kawaida. Akina mama waliokuwa foleni hawakuwa wakipiga soga. Kwenye mzani wa watoto, ile suruali ya turubai wanamoingizwa vichanga ili wapimwe uzito ilikuwa ikining'inia tupu, ikizunguka polepole, ingawa hapakuwa na upepo.

Alimkuta Mwalimu peke yake kwenye banda la mafunzo, ameketi benchi la mbele, mahali wanapokaa wanafunzi wake. Mkononi alikuwa na kisu butu cha mezani. Hakugeuka.

"Leo hata salamu hakuna?" Brashi alisema.

"Keti."

Aliketi. Alitaka kuitoa bahasha, lakini sauti ile ilimfunga mkono.

"Kifungo yuko wodini," Mwalimu alisema. "Tangu jana alfajiri."

Kifungo alikuwa mtoto wa dada yake mkubwa, wa mwaka mmoja na miezi miwili. Walimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mdogo na wa mviringo. Kila alipomwona Brashi alikuwa akimshika kidole chenye rangi na kujaribu kukila.

"Ana nini?"

"Alianza kuharisha Jumapili. Dada hakuhangaika. Alisema, mimi ni ndugu wa Mwalimu, nitachanganya mwenyewe maji ya sukari na chumvi. Jumanne ya wiki iliyopita alikuja darasani hapa. Mimi nilikuwa bado kwenye ile semina ya wiki mbili, na hapakuwa na wa kufundisha. Basi wakakaa, wakalitazama bango, wakafundishana wenyewe. Maji safi lita moja, sawa. Sukari vijiko sita, sawa. Chumvi akaweka kama alivyoiona kwenye picha."

"Kisha?"

"Mtoto akanywa kwa pupa. Kila akinywa, kiu inazidi. Dada akafurahi, akasema dawa imekubali. Akampa usiku kucha. Kulipokucha akakakamaa."

Brashi aliinua macho ukutani. Alikuwa akilijua bango lile kama mtu anavyoijua sura yake, maana alilichora siku tisa, amepiga magoti sakafuni. Jagi la buluu. Mikono ya mama inayonawa. Vijiko sita vya sukari vimepangwa mstari, kila kimoja kimebeba kilima cheupe chenye kilele. Na pembeni, peke yake, kijiko cha chumvi. Nusu yake ilikuwa wazi, na nusu ya pili imepanda kilima kirefu kuliko vyote, chenye kivuli upande mmoja, kizuri mno. Alikifanya kirefu makusudi, ili mama aliyekaa nyuma kabisa akione.

Alimgeukia Mwalimu.

"Mwalimu. Ulinieleza nichore kijiko mfuto."

"Ndiyo."

"Nikatikisa kichwa."

"Ukatikisa kichwa."

"Sikujua mfuto ni nini. Nilidhani ni aina ya kijiko. Nilikwenda duka la vyombo nikaulizia kijiko mfuto, yule muuzaji akasema, chukua hiki chenye maua kwenye mpini, ndio mfuto wenyewe. Nikayachora mpaka maua."

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi yawatoke. Mwalimu alifungua mdomo, kicheko kikafika nusu ya njia, kikageuka kuwa kitu kingine. Alijifunika uso kwa kiganja.

"Niliona," alisema kutoka ndani ya kiganja. "Siku ile ile ulipolitundika, niliona."

"Uliona, ukanyamaza?"

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni, magoti yako yote rangi, unanitazama kama mtu anayengoja hukumu. Ningekuambia nini? Nilisema moyoni, si neno, mimi nitakuwepo. Kila darasa nilichota chumvi mbele yao, nikapitisha kisu hiki juu ya kijiko, nikawaambia, achaneni na kilima cha kwenye picha, mchoraji wetu ana mkono mkunjufu. Walikuwa wakicheka. Wakaelewa. Sikukosa hata siku moja, mpaka niliposafiri."

Walikaa bega kwa bega bila kugusana. Kutoka wodini, ng'ambo ya ua, ilisikika sauti ya mwanamke akiimba taratibu kumbembeleza mtoto, wimbo uleule ukirudiwa. Hapakusikika mtoto.

"Hali yake sasa ikoje?"

"Wamemwekea dripu. Maji yanaingia tone kwa tone. Sista anasema hayaruhusiwi kwenda haraka, chumvi ikitolewa kwa ghafla nayo inadhuru. Hajafumbua macho tangu asubuhi." Alimgeukia sasa, na kwa mara ya kwanza Brashi aliyaona macho yake, mekundu na makavu. "Nisikilize. Nimeshazungumza na Sista Mkuu. Nimemwambia kosa ni langu, nilieleza vibaya kwa mdomo. Anaandika barua ya kuvionya vituo vingine, isemwe hivyo. Wewe humo usiingie."

"Watakufukuza."

"Watanisimamisha. Nitarudi."

"Na kama hutarudi?"

"Basi nitapika nyumbani kwako, utajua kama najua kupika." Alijaribu kutabasamu. "Brashi, mama akisikia mkono uliomwekea mjukuu wake sumu ni wako, hakuna Jumamosi. Si wiki hii wala mwaka kesho. Niachie mimi. Mimi ni mtoto wake, atanipiga maneno, atanisamehe. Wewe utakuwa mtu baki daima."

Ni kweli, na lazima isemwe, kwamba Brashi aliona nafuu. Kwa muda wa pumzi mbili aliiona nyumba, sufuria jikoni, na mwanamke huyu amesimama mlangoni akimwambia avue viatu vyenye rangi. Alikuwa tayari kutikisa kichwa, kama alivyotikisa siku zote. Kisha akakumbuka kitu, na nafuu ile ikakauka.

"Mwalimu. Zile nakala."

"Nakala zipi?"

"Ulipokuwa semina. Sista Mkuu alilipenda bango, akanipa kazi ya kuchora mengine manne. Yaliondoka Alhamisi iliyopita na gari la chanjo, kwenda vituo vinne. Na barua yenye muhuri, kwamba yatundikwe mahali pa wazi."

Kisu kilimtoka Mwalimu mkononi, kikagonga sakafu ya saruji.

"Na vilima?"

"Na vilima. Vya mara hii nilivifanya vikubwa zaidi."

Mwalimu alisimama. "Darasa la akina mama vituo vyote vile ni kesho. Alhamisi, saa tatu asubuhi."

"Tupige simu."

"Mwaka jana tulipiga simu siku tatu kuwaambia waondoe tangazo lililokosewa tarehe. Walisema kitu kilichokuja kwa muhuri hawakiondoi kwa maneno ya simu. Wanangoja barua."

"Basi barua ya Sista ipo."

"Ipo," Mwalimu alisema, na sauti yake ikapungua, kwa kuwa alikuwa amefika mahali ambapo Brashi naye alikuwa akifika. "Lakini inasema mwelimishaji alikosea maelezo. Wataisoma, watawaonya waelimishaji wao waseme vizuri. Na bango wataliacha ukutani."

Hapo ndipo kivuli kilipoingia mlangoni pa banda.

Alikuwa mama yake Mwalimu. Sokoni walimwita Mama Mizani, maana kwa miaka thelathini aliuza unga na nafaka, na hakuna aliyewahi kurudi kwake kulalamika kipimo. Alikuwa amekuja wodini moja kwa moja kutoka kibandani kwake, na unga bado ulikuwa kwenye nyusi, ukimfanya aonekane amezeeka kwa siku mbili.

"Shikamoo, mama," Brashi alisema.

"Marahaba." Hakumtazama, akamgeukia bintiye. "Dada yako amechoka, nenda ukampokee mtoto. Nimetoka kupumua kidogo. Kule ndani kila mtu ananiambia habari za bango, bango. Ndilo hili?"

"Ndilo, mama. Lakini twende, nitakueleza."

"Sijawahi kuelezwa kijiko." Mama Mizani alilisogelea bango mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi. Alikitazama kijiko cha chumvi kwa muda mrefu. "Mmechora cha kilima."

"Nilikosea mimi kuwaeleza watu," Mwalimu alisema haraka.

"Sikukuuliza ulisema nini. Mtu akiona kilima kikubwa hivi, hata umwambie mfuto mara mia, akifika nyumbani atakumbuka kilima. Mimi nimewauzia watu unga, nawajua. Jicho linashika kuliko sikio." Aligeuka. "Mwanangu ni mwalimu, hajui kuchora hata yai. Nani kachora?"

Mwalimu alimtazama Brashi, na macho yake yalikuwa yakimsihi kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Nyamaza. Nakuomba unyamaze.

"Ni mimi, mama," Brashi alisema.

Kule wodini wimbo ulikuwa umekatika.

"Yeye aliniambia nichore mfuto. Mimi sikulijua neno, na niliona aibu kumuuliza. Nilitaka anione nimesoma. Kosa ni hilo."

"Wewe ulitaka uonekane umesoma," Mama Mizani alirudia polepole, kama mtu anayehesabu vibaba.

"Ndiyo, mama."

"Jumamosi wazee wako wasije."

"Mama," Mwalimu alisema.

"Wewe nyamaza, bado sijakufikia. Wasije. Sina la kuongea nao."

Brashi aliinama, akaokota kisu kilichoanguka, akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi kitu. Alichosema baadaye hakuwahi kukisema kwa mtu yeyote tangu azaliwe.

"Mama, sijui. Nifundishe. Mfuto ni nini hasa?"

Mama Mizani alimkazia macho. Huenda alitafuta kejeli usoni mwake na hakuiona. Juu ya meza ya mafunzo kulikuwa na kopo la chumvi na kijiko kidogo. Alichota, kijiko kikatoka na kilima chake kamili, kama pichani. Alikipokea kisu, akalaza mgongo wake juu ya ukingo wa kijiko na kuupitisha mara moja, bila haraka. Chumvi ya juu ikamwagika mezani. Kilichobaki kilikuwa sawa na ukingo, hakikuzidi wala hakikupungua.

"Hiki kilichobaki ndicho mfuto," alisema. "Na utakata tena nusu yake. Hiki kilichomwagika ndicho kilichomo mwilini mwa mjukuu wangu."

Aliweka kijiko chini na kutoka nje.

*

Sista Mkuu alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, kalamu ikiwa bado vidoleni. Barua yake ilikuwa mezani, tayari imegongwa muhuri.

"Gari la chanjo linaondoka saa kumi," alisema. "Sasa ni tisa na nusu. Mnataka niandike upya?"

"Nitaandika mimi," Brashi alisema. "Picha ni yangu. Nipe karatasi."

"Unajua barua hii itafika ofisi kuu? Hakuna zahanati itakayokupa hata kibao cha choo uandike."

"Najua, Sista."

Alimsogezea karatasi. Brashi aliandika bila mapambo, kwa herufi zilezile alizoandikia vibao vya hatari. Alisema kwamba bango lina kosa, na kosa ni la mchoraji, si la mwelimishaji. Alisema liondolewe ukutani kabla ya darasa, lisifunikwe wala lisirekebishwe kwa kalamu, liondolewe. Kisha akachora vijiko viwili vidogo. Cha kwanza kilikuwa na kilima, akakikata kwa msalaba mnene. Cha pili kilikuwa bapa kabisa. Chini yake akaandika: *mfuto, yaani kilichopitishwa kisu juu, kikawa sawa na ukingo, na chumvi ni nusu tu ya hicho.* Maneno mengine yote aliyaandika haraka. Hilo moja aliliandika taratibu, herufi baada ya herufi.

Sista Mkuu alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na mimi niliyeyapeleka manne bila kuangalia?" alisema. Alitia sahihi yake chini ya ile ya Brashi, akagonga muhuri, na barua yake ya kwanza akaichana vipande viwili. "Ni ya mzunguko. Dereva ataipitisha kituo kwa kituo, kila mmoja asome na kutia sahihi nyuma. Sasa, bahasha. Bahasha zangu ziliisha mwezi uliopita."

Brashi alifungua mkoba. Alitoa bahasha ya rangi ya maziwa, akaitazama, kisha akaitoa ndani yake ile karatasi iliyokunjwa mara tatu na kuilaza mezani. Akaiingiza barua ya bango mahali pake. Zilikuwa na ukubwa mmoja.

Mwalimu, aliyekuwa mlangoni akitokea wodini, aliliona lile. Aliingia, akaichukua karatasi iliyotolewa bila kuifungua, akaitia mfukoni mwa koti lake la kazi.

"Hiyo haina anwani yako," Brashi alisema. "Ni ya mama yako."

"Mama hataisoma. Nitaisoma mimi."

"Kifungo?"

"Amefumbua macho." Brashi alitaka kushukuru, lakini Mwalimu alimzuia. "Amefumbua tu. Nimempitishia kidole, hakukifuata."

Brashi alilowesha gundi ya bahasha kwa ulimi, akaikunja. Mwalimu alimpa kile kisu butu, alichokuwa amekichukua tena bandani. Brashi aliulaza mgongo wa kisu juu ya mkunjo, akaupitisha kutoka kona hadi kona mpaka hapakuwa na kilichoinuka.

Nje, dereva wa gari la chanjo alikuwa akifunga masanduku ya barafu. Alipoiona bahasha alicheka.

"Karatasi nzuri hii. Ya harusi? Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa," Brashi alisema. "Kaka, vituo vyote vinne unafika lini?"

"Viwili kabla jua halijazama. Cha tatu nalala. Cha nne, kesho saa nne."

"Darasa kule ni saa tatu."

Dereva aliacha kucheka. Alizitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, kisha akaigeuza bahasha mkononi kana kwamba imeongezeka uzito.

"Anzia huko mwisho," Mwalimu alisema.

"Barafu yangu haitaki hivyo, Mwalimu. Dawa za vituo vya karibu zitaharibika. Lakini alfajiri nitaamka mapema. Nitajaribu." Aliiweka kwenye kioo cha mbele, mahali pa kuonekana. "Nitajaribu," alisema tena, na kuwasha gari.

Lilitoka langoni likiacha vumbi. Mwalimu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Brashi, mkono ukiwa ndani ya mfuko wenye ile karatasi. Nyuma yao, kwenye ngazi ya wodi, Mama Mizani alikuwa ameketi na viganja juu ya magoti, unga bado kwenye nyusi, akiwatazama wote wawili.

Gari lilipokata kona, Brashi alikitazama kifundo cha mkono wake, mahali ambapo mtu mwingine angekuwa na saa.

"Ni saa ngapi sasa?" aliuliza, bila kujua anamuuliza nani.

Mama Mizani ndiye aliyejibu kutoka kwenye ngazi.

"Kumi na dakika tano. Limechelewa."